Umeme wa Jua Kutoka Angani: Bili Apelekewe Nani?

Kila baada ya mwaka mmoja au miwili inarudi ile habari: wanasayansi wanataka kupeleka paneli za sola angani, zikusanye jua mchana na usiku, kisha zituletee umeme huku chini bila waya. Mhariri anaipenda kwa sababu ina picha nzuri. Msomaji anaipenda kwa sababu inafanana na sinema. Tunaichapa, watu wanashangaa, wanasema "Wazungu bwana!", yanaishia hapo. Swali ambalo sisi waandishi hatuliulizi ni lile ambalo fundi yeyote wa Kariakoo angeliuliza kabla hajashika bisibisi: nani analipa?

Leo nataka tuliulize. Na msimamo wangu nauweka mezani mapema ili usije ukasema nimekuvizia. Mimi naamini umeme huu unastahili kutafutiwa fedha. Ila naamini pia kwamba fedha ya umma ilipie majaribio tu, mnunuzi alipe umeme ukishamfikia, na mlipa kodi wa nchi maskini asiguswe mfuko wake mpaka kitu kionekane kinafanya kazi. Anayetaka utaratibu mwingine, anieleze kwanza nani atabeba hasara mambo yakienda mrama.

Kwa wale walioiacha fizikia kidato cha pili, kitu chenyewe ni hiki. Juu ya ikweta, kiasi cha kilomita 36,000 kutoka hapa tulipo, setilaiti huzunguka kwa mwendo uleule wa dunia, hivyo ukiwa chini unaiona kama imesimama. Huko juu hakuna mawingu wala masika, na jua linawaka kwa zaidi ya asilimia 99 ya mwaka. Kila mita moja ya mraba inapata nguvu ya jua ya wati 1,360 hivi. Paneli zinageuza jua kuwa umeme, umeme unageuzwa kuwa mawimbi ya maikrowevu, mawimbi yanatumwa chini kwenye uwanja mkubwa wa antena, na antena zinayageuza tena kuwa umeme wa kuwashia taa.

Si ndoto ya jana. Mhandisi Peter Glaser wa Marekani aliliandika wazo hili katika jarida la Science mwaka 1968. Kutuma umeme bila waya nako si uchawi: William Brown wa kampuni ya Raytheon alirusha helikopta ndogo kwa nguvu ya maikrowevu mwaka 1964, na mwaka 1975 kule Goldstone, California, yeye na wenzake walituma zaidi ya kilowati 30 kwa umbali wa kilomita moja na nusu. Kwa hiyo ukisikia mtu anabisha kwamba haiwezekani, mwambie inawezekana tangu babu zetu wakiwa vijana. Tatizo ni hela.

Hebu tupitie mifuko ambayo imewahi kufunguliwa, tuone kila mmoja ulikwama wapi.

Mfuko wa kwanza ni wa serikali kubwa. Baada ya mafuta kupanda bei miaka ya 1970, Wizara ya Nishati ya Marekani na NASA walikaa chini wakaupigia hesabu mpango huu. Mchoro wao ulikuwa wa setilaiti 60, kila moja ikitoa megawati 5,000, paneli zake zikiwa na urefu wa kilomita 10 na upana wa kilomita 5. Hesabu iliposomwa, gharama ya kufikia setilaiti ya kwanza peke yake ilizidi dola bilioni 100 za wakati ule. Mafuta yakashuka bei, mwanzoni mwa miaka ya 1980 utafiti ukakatiwa fedha, makabrasha yakaingia kabatini. Somo: serikali hufungua mkoba ikiwa na hofu, na hofu ikiisha mkoba unafungwa. Mradi wa miaka 20 hauwezi kuegemea hofu ya miaka mitano.

Mfuko wa pili ni wa mnunuzi. Mwaka 2009 kampuni ya umeme ya California, PG&E, iliingia mkataba na kampuni changa ya Solaren: ikileta megawati 200 kutoka angani kuanzia mwaka 2016, PG&E itanunua kwa miaka 15. Wasimamizi wa huduma za umma wa jimbo wakaubariki mkataba Desemba mwaka huohuo. Magazeti ya dunia yakaandika kana kwamba umeme uko njiani. Mwaka 2016 ukafika, ukapita, hakuna hata uniti moja iliyoshuka. Lakini ngoja nikuonyeshe kitu ambacho wengi hawakukisoma: wateja wa PG&E hawakutakiwa kulipa chochote mpaka umeme ufike. Haukufika, hawakulipa. Mkataba uliwalinda. Ubaya wake ni kwamba ahadi ya namna hiyo peke yake haijengi kitu. Ahadi ya kununua maandazi haimpi mama ntilie unga.

Mfuko wa tatu ni wa tajiri mwenye moyo. Mwaka 2021 chuo cha Caltech kilitangaza kwamba Donald Bren, tajiri wa majumba na viwanja, na mkewe walikuwa wameahidi zaidi ya dola milioni 100 kwa ajili ya utafiti huu, msaada ulioanza mwaka 2013 kimyakimya. Matunda yapo. Januari 2023 chuo kilirusha mitambo yake ya majaribio, na mwaka huohuo kikatangaza kwamba kimeweza kusafirisha nguvu bila waya huko huko angani na kuinasa ishara yake duniani, kwenye paa la jengo la chuo pale Pasadena. Ni hatua kubwa, namvulia kofia. Ila dola milioni 100 ni fedha ya kuthibitisha wazo. Mtambo kamili unahitaji mabilioni, na mabilioni hayatolewi kama sadaka.

Mfuko wa nne ndio ulionichekesha na kunisikitisha kwa pamoja. Mwaka 2021 serikali ya Uingereza ilipokea ripoti ya washauri wa Frazer-Nash. Ripoti ikasema mfumo wa kwanza wa megawati 2,000 unaweza kupatikana ifikapo mwaka 2040, na kazi yote ya kuuendeleza itagharimu pauni bilioni 16.3. Juni 2023 serikali ikatangaza kwa mbwembwe fedha za kuanzia kwa vyuo na kampuni: pauni milioni 4.3. Chukua kikokotoo. Ni chini ya sehemu moja kati ya 3,700 ya kinachotakiwa. Ni sawa na mtu anayejenga nyumba ya shilingi milioni 37 akaja saiti na noti ya elfu kumi, kisha akaita wapiga picha.

Sasa kwa nini jambo hili ni gumu hivi kifedha, wakati sola za kawaida zimejaa mpaka kwenye vibanda vya kuchaji simu? Hapa ndipo penye kiini, naomba uvumilie kidogo.

Sola ya kawaida unaanza na moja. Unauza paneli moja ya kuwashia balbu, faida unanunulia mbili, kiwanda kinajifunza, bei inashuka, wateja wanaongezeka. Umeme wa angani hauna kuanza na moja. Mawimbi ya maikrowevu yanatawanyika njiani, na kwa umbali wa kilomita 36,000, ili yafike yakiwa yamekusanyika, michoro ya tangu miaka ya 1970 inadai antena ya kutumia yenye kipenyo cha kilomita moja kule juu, na uwanja wa kupokelea wa kilomita kama kumi huku chini. Hilo halipungui eti kwa sababu wewe unataka kuanza na umeme wa kijiji kimoja. Kwa hiyo unalipia karibu kila kitu kabla hujauza chochote.

Linganisha na Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji. Lina megawati 2,115, karibu sawa na hiyo setilaiti moja ya Waingereza. Mkataba wa ujenzi ulisainiwa Desemba 2018, kwa fedha za ndani, shilingi trilioni 6.5 hivi. Tulibishana sana juu ya bwawa lile, na wengine bado tunabishana. Lakini mitambo yake iko tisa, na wa kwanza ulianza kuzalisha Februari 2024 wakati mingine ikiwa bado inafungwa. Deni linaanza kujilipa kabla ya kazi kuisha. Setilaiti iliyokamilika nusu haina cha kuuza.

Halafu kuna riba. Ukimpa mtu dola moja leo akakwambia itarudi baada ya miaka 15, na wewe unataka faida ya asilimia 10 kwa mwaka, dola hiyo inatakiwa irudi ikiwa zaidi ya dola nne. Ukiona mradi ni wa hatari ukadai asilimia 20, irudi ikiwa zaidi ya dola 15. Ndiyo maana mwenye mtaji haogopi teknolojia peke yake. Anaogopa kalenda.

Na kalenda hiyo ina mpinzani anayekimbia. Shirika la kimataifa la nishati jadidifu, IRENA, linasema wastani wa gharama ya umeme wa sola za ardhini ulishuka kutoka senti 46 za Marekani kwa uniti mwaka 2010 hadi kama senti 4.4 mwaka 2023. Januari 2024 NASA ilitoa ripoti yake kuhusu umeme wa angani. Kwa michoro miwili iliyopimwa, uniti moja ingegharimu senti 61 kwa mmoja na dola 1.59 kwa mwingine, wakati vyanzo vingine safi viliwekwa kati ya senti 2 na 5. Tukichukulia dola kwa shilingi 2,500, unazungumzia uniti ya shilingi 1,525 kushindana na uniti ya shilingi 125 au chini. Sehemu kubwa ya gharama hiyo ni kurusha mizigo, maana kunahitajika maelfu ya safari za roketi. Ripoti hiyohiyo ilikiri kwamba kama roketi zitashuka bei sana, mitambo ikadumu na viwanda vikajifunza, gharama inaweza kushuka mpaka senti 3 hadi 8. Lakini hizo "kama" zote lazima zitimie kwa pamoja. Mwenye fedha za pensheni za watu hawezi kuzipanga juu ya "kama" tatu.

Basi tuache? Hapana. Hapa natofautiana na rafiki yangu mmoja wa dawati la biashara, ambaye kila nikiligusa jambo hili ananiambia, "Kaka, hiyo ni fedha ya kuchoma." Namjibu kwa historia ya paneli yenyewe.

Sola ya kisasa ilizaliwa maabara za Bell kule Marekani mwaka 1954. Ilikuwa ghali kiasi kwamba hakuna mwenye akili timamu angeifunga kwenye paa lake. Nani alikuwa mteja wake wa kwanza wa maana? Anga! Machi 1958 setilaiti ya Vanguard 1 ilirushwa ikiwa na seli za sola, kwa sababu kule juu hapakuwa na njia nyingine ya kudumu. Betri peke yake ingekufa mapema. Mteja asiye na mbadala hulipa bei yoyote. Baadaye sana, mwaka 2000, Ujerumani ilipitisha sheria ya kumhakikishia mzalishaji wa sola bei maalumu kwa miaka 20, gharama ikagawanywa kwenye bili za wananchi wote. Soko likapanuka, viwanda vya China vikafyatua paneli kama tofali, na leo mkulima wa Iringa anamwagilia kwa sola ambayo Mjerumani aliisaidia kushuka bei.

Ukiisoma vizuri hadithi hiyo unapata utaratibu. Kwanza mtafute mteja ambaye umeme wake wa sasa tayari ni ghali kupindukia. Mwaka 2007 ofisi moja ya masuala ya anga ya Pentagon ilitoa ripoti iliyosema kwamba kwenye kambi za jeshi zilizo mbali, kusafirisha mafuta ya jenereta kunafanya uniti moja izidi dola moja. Sipendi vita na wala sina hamu ya kuona sayansi ikikua kwenye mgongo wa majeshi. Ila hesabu ni hesabu: mteja wa dola moja kwa uniti haogopi senti 61. Wapo na wateja wa amani wa aina hiyo, visiwa vinavyoishi kwa dizeli, vituo vya utafiti kwenye barafu, miji iliyopigwa na tufani. Hao ndio wa kuanza nao.

Pili, gharama ya roketi ilipiwe na biashara nyingine. Roketi zimeshaanza kushuka bei kwa sababu ya setilaiti za mawasiliano na intaneti, si kwa sababu ya umeme. Acheni ziendelee kushuka. Serikali kumwaga mabilioni leo kununua nafasi za roketi kwa bei ya leo ni haraka isiyo na baraka.

Tatu, fedha ya umma ilipie yale ambayo hakuna mfanyabiashara atayalipia: majaribio, usalama wa mawimbi kwa ndege na binadamu, roboti za kuunganisha mitambo angani. Tena kwa vituo. Kila kituo kiwe na mtihani wake wa wazi, ukifeli fedha inasimama. Kufeli mtihani wa milioni 50 ni ada ya shule. Kufeli mradi wa bilioni 16 ni msiba wa taifa.

Nne, mnunuzi aahidi, asilipe mapema. Ule mkataba wa PG&E ulikuwa na akili. Ulichokosa ni mtu wa kulipia njia ya kufikia kwenye ahadi.

Wapo watakaosema utaratibu huu ni wa kobe, na kwamba tabianchi haisubiri. Nawaelewa. Lakini kama tuna haraka ya kupunguza moshi kabla ya mwaka 2040, haraka hiyo itumie vitu vilivyopo dukani leo: sola za ardhini, upepo, betri, nyaya za kusafirisha umeme. Umeme wa angani hauwezi kuwa zimamoto. Ni mti wa kivuli, unapandwa kwa ajili ya watakaokuja, na hauwezi kunyweshewa maji ya kuzimia nyumba inayoungua.

Sasa utaniuliza, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu kuliko unavyodhani, kwa sababu huo mstari wa setilaiti uko juu ya ikweta, na ikweta iko hapa kwetu. Miaka ya 1990 watafiti wa Japani walichora mradi wa SPS 2000, setilaiti ya megawati 10 ya kuzunguka juu ya ikweta kwa kimo cha kilomita 1,100, ikigawa umeme kwa vituo vya kupokelea katika nchi za ukanda huu. Walitembelea nchi kadhaa kuzungumzia viwanja vya antena, Tanzania ikiwamo. Mradi haukujengwa. Kabla ya hapo, mwaka 1976, Kenya, Uganda, Kongo na Zaire zilikuwa miongoni mwa nchi nane zilizosaini Azimio la Bogotá, zikidai kwamba ile njia ya setilaiti juu ya ikweta ni mali ya nchi zilizo chini yake. Dunia haikuwasikiliza, mkataba wa anga wa mwaka 1967 unakataza nchi yoyote kujimilikisha anga za juu. Kwa hiyo hatumiliki mbingu. Ila ardhi ya kuwekea antena tunaimiliki, na siku moja mtu aliyevaa suti atakuja kuiomba.

Siku hiyo nataka tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1995 tulisaini mkataba wa IPTL wa miaka 20, ambao uliitaka Tanesco ilipe kila mwezi kwa sababu tu mitambo ipo, iwashwe isiwashwe. Mwaka 2006, wakati wa ukame, ikaja Richmond na ahadi ya megawati 100 za dharura, na hazikufika kwa wakati. Februari 2008 ripoti ya Kamati Teule ya Bunge iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe ikasomwa, na Waziri Mkuu wa wakati huo, hayati Edward Lowassa, akajiuzulu. Hiyo ilikuwa mitambo ya kukaa Tegeta na Ubungo, ambayo waziri angeweza kwenda kuigusa kwa mkono. Fikiria mkataba wa aina ileile kwa mtambo ulio kilomita 36,000 juu! Ukizima, utamtuma nani akaangalie?

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wakubwa wetu ni mwepesi. Akija wa ardhi, karibu, tuzungumze. Ardhi iwe hisa yetu katika mradi. Umeme tununue kwa uniti iliyopita kwenye mita, bei isizidi ile ya vyanzo vyetu vingine. Serikali isiweke dhamana ya mkopo wa mtu, wala isilipe hata senti kwa kuwepo tu kwa setilaiti. Akikataa masharti hayo, basi hata yeye hauamini mtambo wake, na kama mwenyewe hauamini, mimi na bibi yangu kijijini tuuamini kwa lipi?

Na kwa wenzangu wa kalamu: habari hii itarudi tena, si muda mrefu. Itakuja na picha nzuri zaidi. Tukishaiweka ile picha, tuongeze aya moja yenye maswali matatu. Nani ametoa fedha? Ametoa kiasi gani kati ya kinachotakiwa? Na mradi ukifeli, hasara inaangukia mfuko wa nani? Aya moja tu jamani, haitajaza ukurasa.

Hayo ndiyo yangu kwa leo. Najua humu ndani kuna wahandisi, wahasibu na wabishi wa kuzaliwa. Kama hesabu yangu ina tundu, lionyesheni. Uwanja ni wenu.